Je, aliyewahi kuugua akili anaweza kumhudumia mwenzake?

"Mdogo wangu ana miaka 27, na katika miaka 6 iliyopita amelazwa mara 3 kwa sababu ya saikosisi, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo. Sasa anatumia dawa na hali yake ni ya wastani, ila amejifungia mno, na neno hospitali hataki hata kulisikia. Mwezi uliopita mtu aliyelazwa naye alimweleza habari za nyumba ambayo watu wakizidiwa huenda kukaa siku chache badala ya kwenda wodini. Nilipouliza daktari wa pale ni nani, niliambiwa hakuna daktari wala muuguzi. Wahudumu wote, mpaka msimamizi, ni watu waliowahi kuugua akili, na baadhi yao bado wanatumia dawa. Wana pia kikundi kinachokutana kila wiki. Mdogo wangu amefurahi kuliko nilivyomwona kwa miaka mingi, lakini mimi silali. Naona kama kipofu anamwongoza kipofu. Naogopa watamwachisha dawa, na naogopa kwamba akitaka kujidhuru hakutakuwa na mtu wa kumzuia. Mimi ndiye dada yake mkubwa na ndiye niliyemlea tangu wazazi wetu walipofariki. Nimruhusu au nimkataze?"

Dada yangu, hofu yako ni ya mtu aliyebeba mzigo peke yake kwa muda mrefu, na ina haki ya kujibiwa kwa makini. Ndani ya swali lako moja ninaona matatu: kwanza, ikiwa mtu aliyewahi kuugua akili ana uwezo wa kumhudumia mwingine, pili, ikiwa mdogo wako ataachishwa dawa, na tatu, nani atakayesimama kati yake na kifo siku mambo yakiharibika. Mimi ni mtaalamu wa saikolojia ya tiba, na kwa miaka mingi nimefanya kazi bega kwa bega na huduma za aina hii. Nimeziona zikiwainua watu ambao mimi na wenzangu tulikuwa tumekwisha kuwakatia tamaa, na nimeona pia chache ambazo nisingempeleka ndugu yangu. Kwa hiyo jibu langu litategemea nyumba yenyewe ikoje, na nitakueleza namna ya kuitambua.

Tuanze na kipofu na kipofu mwenzake. Mfano huo unachukulia kwamba aliyepatwa na saikosisi hana macho maisha yake yote, ilhali kwa watu wengi ugonjwa huu huja na kuondoka, na hata unapokuwapo hauzimi akili nzima. Wapo watu wanaosikia sauti kila siku na bado wanalea watoto, wanafundisha na wanaendesha vikao. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimesomea vitanda hivyo na nimeandika mengi juu yake, lakini sijawahi kulala wodini mlango ukiwa umefungwa kwa nje. Wao wamelala. Hata hivyo, kuwajua kunguni si sawa na kujua namna ya kuwatoa, na ndiyo sababu nyumba iliyo makini haimchukui mtu kwa kuwa tu aliwahi kuugua. Humfundisha kusikiliza bila kutoa hukumu, kuuliza waziwazi kuhusu kujiua, kusimulia yaliyompata kwa kiasi tu kinachomfaa anayesikiliza, na kutambua mapema kwamba yeye mwenyewe ameanza kuelemewa. Katika nchi nyingi mtu huyu huitwa msaidizi rika, na katika jimbo la Georgia, Marekani, kazi yake ilianza kulipiwa na mfuko wa afya wa serikali tangu mwaka 1999.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1845, huko Uingereza, John Perceval, mtoto wa waziri mkuu, ambaye alikuwa amefungiwa katika nyumba za wagonjwa wa akili, alishirikiana na wenzake kuanzisha chama cha kuwatetea watu waliofungiwa kama yeye. Katika miaka ya 1940, wagonjwa waliotoka hospitali moja ya akili katika jimbo la New York walianza kukutana wenyewe, wakajiita "Hatuko Peke Yetu", na kutokana nao ikazaliwa Fountain House mwaka 1948, nyumba ambayo hadi leo wanachama na watumishi huiendesha pamoja. Mmarekani Judi Chamberlin, aliyelazwa katika miaka ya 1960 na kuambiwa kwamba ugonjwa wake ni wa kudumu, alisimulia kwamba msaada wa kweli aliupata Vancouver, Kanada, katika nyumba ya dharura iliyokuwa nje ya mfumo wa hospitali, na mwaka 1978 alichapisha kitabu kilichowapa wengi ujasiri wa kuanzisha huduma zao. Huko Leeds, Uingereza, watumiaji wa huduma za akili walipigania nyumba yao ya dharura hadi ikafunguliwa mwaka 1999. Na huko Massachusetts iko nyumba yenye vyumba vitatu tu, ambamo mtu hukaa hadi siku 7, na wahudumu wake wote wamewahi kupitia mateso ya akili. Inaitwa Afiya, jina lililochukuliwa kutoka katika lugha yetu, kutokana na neno afya. Shirika la Afya Duniani liliitaja katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kuwa miongoni mwa mifano ya kuigwa, pamoja na vikundi vya rika vya watumiaji wa huduma za akili nchini Kenya.

Sasa, kinachotendeka ndani yake ni nini hasa? Nitakueleza niliyoyaona kwa macho yangu. Usiku mmoja nilialikwa kukaa zamu nzima katika nyumba ya namna hii ili nijifunze. Karibu saa nane aliingia kijana amevaa koti zito ingawa kulikuwa na joto, akasimama mlangoni akiitazama taa ya dari. Mimi nilikuwa na maswali yangu tayari: unaitwa nani, unasikia nini, mara ya mwisho ulilala lini. Mhudumu wa zamu, mama wa makamo aliyewahi kulazwa mara nyingi kuliko mdogo wako, aliinuka akazima taa ya dari, akawasha ndogo ya mezani, kisha akavuta kiti chake akakiweka sambamba na kile cha mgeni, vyote viwili vikielekea dirishani, ili wasitazamane uso kwa uso. Akakaa kimya. Ilipita nusu saa. Kijana alipoketi hatimaye, aliulizwa swali moja tu: "Unapenda mlango uwe wazi au tuufunge?" Akasema uwe wazi, na ukaachwa wazi mpaka asubuhi. Baadaye nilimuuliza yule mama kwa nini alizima taa. Alinijibu kwamba yeye, katika siku zake mbaya kuliko zote, aliamini taa zinayasoma mawazo yake, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumuuliza kwa nini anatazama juu. Mimi nilikuwa nimeyaona macho ya kijana nikayahesabu kuwa dalili. Yeye aliiona taa.

Katika tukio hilo dogo kuna karibu mambo yote yanayofanya huduma hizi zifanye kazi. Mtu aliye katika saikosisi yuko katika hofu kubwa, na hofu huzidi kila anaponyang'anywa uamuzi. Akishikwa kwa nguvu, akifungiwa au akidungwa sindano asiyoitaka, anajifunza kwamba kusema ukweli kuhusu yaliyomo kichwani mwake huleta adhabu, na mara nyingine ataficha. Nadhani hili ndilo lililomfanya mdogo wako achukie hata neno hospitali, na lina hatari yake, kwa kuwa mgonjwa anayeficha huja kugunduliwa akiwa ameshazidiwa. Mahali ambapo mlango uko wazi na ridhaa yake inaulizwa hata katika mambo madogo, huja mapema, tena kwa miguu yake.

Jambo la pili ni aibu. Watu wengi waliopata ugonjwa wa akili huanza kuamini yale ambayo jamii inasema juu yao, kwamba wameharibika na hawatafaa tena. Mimi naweza kumwambia mdogo wako mara mia kwamba anaweza kupata nafuu, na atanisikia kwa adabu, lakini akimwona mtu aliyepita palepale akiwa ameshika funguo za nyumba na ratiba ya zamu, ameona ushahidi ambao maneno yangu hayawezi kuufikia. Kuna pia maarifa ya kila siku ambayo sisi wenye vyeti tunayajua kwa mbali: namna ya kumweleza mwajiri kuhusu miaka ambayo hukufanya kazi, namna ya kumwambia daktari kwamba dawa inakunyima nguvu bila kuonekana mkaidi, namna ya kukaa na sauti unazozisikia bila kuzitii. Katika jambo hili la mwisho, vikundi vya wanaosikia sauti, vilivyoanzia Uholanzi katika miaka ya 1980 baada ya mgonjwa Patsy Hage kumshawishi daktari wake, Marius Romme, azichukulie sauti zake kwa uzito, vilitufundisha sisi wataalamu mengi ambayo hatukuyasomea.

Na la tatu ni kwamba msaada huo huenda pande zote mbili. Mtafiti wa Marekani, Frank Riessman, aliandika mwaka 1965 kwamba anayesaidia mara nyingi hunufaika sawa na anayesaidiwa, au kumzidi. Miaka 6 mdogo wako amekuwa mtu wa kupewa: dawa, chakula, maelekezo. Pale kikundini huenda siku moja ataombwa ampokee mgeni mpya, na siku hiyo itakuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kwa mtu kumhitaji.

Utafiti unasemaje? Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu wapo wanaozisifu huduma hizi kupita kiasi. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 11 yenye washiriki 2,796, yalikuta kwamba wagonjwa waliohudumiwa na wenzao waliowahi kuugua hawakupata matokeo mazuri zaidi wala mabaya zaidi kuliko waliohudumiwa na wataalamu katika majukumu yanayofanana, isipokuwa kwamba haja ya huduma za dharura ilipungua kidogo. Wengine huyasoma matokeo hayo kama kushindwa. Mimi nayasoma kama jibu la swali lako la kwanza: hawakuwadhuru. Jaribio moja la Uingereza lililochapishwa mwaka 2018 liliwafuatilia watu 441 waliomaliza huduma ya dharura ya akili. Miongoni mwa waliotembelewa na msaidizi rika, asilimia 29 walirudi katika huduma za dharura ndani ya mwaka mmoja, ilhali miongoni mwa waliotumiwa kitabu cha kujisaidia peke yake walirudi asilimia 38. Na kuhusu nyumba kama hiyo unayoiulizia, jaribio la Marekani la mwaka 2008 lenye washiriki 393 lililinganisha nyumba isiyofungwa, iliyosimamiwa na watumiaji wa huduma wenyewe, na wodi iliyofungwa, na waliokaa katika nyumba hiyo walipata nafuu kubwa zaidi na kuridhika zaidi. Ni jaribio moja, halitoshi kumaliza ubishi, lakini linatosha kuonyesha kwamba nyumba kusimamiwa na watumiaji wa huduma wenyewe hakumaanishi uzembe.

Nije kwenye dawa, kwa kuwa hapa hofu yako ina msingi. Wapo katika harakati hizi watu walioumizwa na dawa au na namna walivyopewa, na hawazipendi. Wapo pia wanaosema wazi kwamba bila dawa wasingekuwa hai. Huduma nzuri huwapa nafasi wote wawili na haimwandikii mtu dawa wala haimwachishi. Ukisikia kiongozi anawaambia wageni kwamba wataponywa kwa kuacha vidonge, mtoe mdogo wako huko mara moja. Kuacha ghafla ni hatari hata pale ambapo kupunguza taratibu kungewezekana: anayekatisha lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, anaweza kupandwa na wazimu mkali ndani ya muda mfupi, anayekatisha klozapini, mojawapo ya dawa za saikosisi, anaweza kurudiwa na saikosisi nzito kuliko ile ya mwanzo, na anayekatisha dawa za usingizi za jamii ya diazepamu alizozizoea anaweza kupata degedege. Lakini ujue pia kwamba wagonjwa wengi sana huacha dawa peke yao, kimyakimya, bila kikundi chochote kuwashawishi. Mdogo wako akiwa na watu anaoweza kuwaambia "nimechoka na vidonge hivi" bila kufokewa, na wakamsaidia kuandika malalamiko yake ayapeleke kwa daktari ili kipimo kiangaliwe upya, uwezekano wa kuacha gizani hupungua.

Kuhusu kujidhuru, kwanza niondoe dhana moja iliyoenea: kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Kwa kawaida humpunguzia upweke wa kulibeba. Wasaidizi rika waliofunzwa vizuri huuliza bila kupepesa macho, kwa kuwa wengi wao waliwahi kutamani kuulizwa. Pili, wodi iliyofungwa humzuia mtu kwa siku alizolazwa, lakini majuma ya mwanzo baada ya kuruhusiwa yanajulikana kuwa miongoni mwa vipindi vya hatari kubwa zaidi ya kujiua. Katika kipindi hicho, mtu wa kumpigia simu usiku na kikundi cha kwenda kila wiki ni kinga ambayo hospitali nyingi hazina. Hata hivyo nyumba hiyo haina milango ya kufunga wala wahudumu wa kumshika mtu, na wewe na yeye mnapaswa kulijua hilo kabla hajalala usiku wake wa kwanza.

Udhaifu wa huduma hizi nimeuona katika mambo yasiyozungumzwa sana. Wahudumu wengi hulipwa kidogo au hawalipwi kabisa, nao huchoka. Nilikijua kikundi kilichoanza vizuri, kisha mwanzilishi wake akawa ndiye kila kitu: yeye ndiye alikuwa na funguo, yeye ndiye alikuwa na fedha, na kila aliyekuja alielekezwa kupita njia ileile aliyopita yeye. Alipougua tena, hakukuwa na mtu aliyethubutu kumwambia apumzike, na ndani ya miezi michache kikundi kilisambaratika, na watu waliokitegemea wakabaki hawana pa kwenda. Kwa hiyo ukiitembelea nyumba hiyo, uliza mhudumu akizidiwa inakuwaje. Wanaokujibu kwa utulivu, kwamba kuna zamu ya akiba, kuna mtu wa nje anayekutana nao mara kwa mara kuzungumzia ugumu wa kazi, na kwamba jambo hilo limewahi kutokea na likashughulikiwa, hao wanaijua kazi yao. Wanaosema halijawahi kutokea wananitia wasiwasi. Uliza pia ni wakati gani wao wenyewe huita gari la wagonjwa, na kama mgeni huelezwa hilo siku ya kwanza. Uliza nani anaandika habari za mgeni na nani anazisoma, kama kuna mwiko wa kukopeshana fedha na wa mapenzi kati ya mhudumu na mgeni, na mtu mwenye malalamiko ayapeleke wapi. Kisha angalia jambo moja kwa macho: je, watu wanapingana pale bila kuogopana?

Yako mambo ambayo msaidizi rika hata awe hodari vipi hayawezi, na kwa hayo nenda hospitali bila kusubiri. Mtu anayechanganyikiwa huku ana homa na mwili umekakamaa, hasa akiwa anatumia dawa za saikosisi, yuko katika hatari ya maisha. Homa na maumivu ya koo kwa anayetumia klozapini yanahitaji kipimo cha damu siku hiyohiyo, na mwenye kutumia lithiamu akianza kutapika, kuharisha na kuyumba hana budi kupimwa damu vilevile. Saikosisi inayomjia mtu kwa mara ya kwanza, au inayofuata kuumia kichwa, degedege au kujifungua, ichunguzwe na daktari kwanza, maana chanzo kinaweza kuwa mwilini. Aliyekwisha kumeza kitu, aliye na mpango na kifaa cha kujiua mkononi, asiyekula wala kunywa kwa siku nzima, au anayesikia amri za kumdhuru mtu mwingine na kuona hawezi kuzikataa, asiachwe peke yake mpaka akabidhiwe kwa wahudumu wa dharura.

Limebaki neno lako la mwisho, "nimruhusu". Nakuomba uliweke kando, ingawa najua umemlea. Yeye ni mtu mzima mwenye hali ya wastani, aliyepata wazo, akalifurahia, akakueleza badala ya kwenda kwa siri. Ukimkataza, pengine ataenda hivyohivyo ila ataacha kukueleza. Na asipoenda, utakuwa umemthibitishia kwamba maisha yake hayako mikononi mwake. Ushauri wangu ni aanze na kikundi cha kila wiki, akikitumia pamoja na kliniki na si badala yake, na nyumba ya kulala ije baadaye akishawafahamu watu. Muulize kama angependa mwende pamoja siku moja kuwasalimu. Akikataa, uliza kama anaridhia uende peke yako na maswali yako.

Kisha, wakati bado ametulia, kaeni chini muandike karatasi moja kwa maneno yake mwenyewe: dalili ambazo yeye huziona mapema kabla wengine hawajaziona, nani apigiwe simu na nani asipigiwe, dawa ipi ilimfaa na ipi ilimwumiza, ni nini kinachomtuliza, na ni hali gani ikifika anakubali mwenyewe, leo akiwa na akili zake, kwamba apelekwe hospitali hata kama siku hiyo atakataa. Katika sehemu hiyo ya mwisho usimharakishe, na usimwandikie wewe. Nakala moja akae nayo, moja umpelekee daktari wake, moja iwekwe katika ile nyumba, na moja ukae nayo wewe.